Kombe Lililomiminwa Mashineni

Mashine ilikuwa inahesabu, na ndani hamna kitu.

Kazi ya Sadock pale maabara ya chuo, mji wa Richardson huko ughaibuni, mwaka ule wa 2018, ilikuwa kurusha elektroni ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote, zigonge molekuli ndogondogo, kisha ahesabu vipande vilivyonasa elektroni vikawa ioni hasi. Sasa gesi ameifunga mwenyewe, hakuna cha kugongwa, na namba zinapanda tu. Chumba kizima kinanuka udi, mchana kweupe.

Angekuwa peke yake angepuuza. Lakini mkewe Prudensia, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amemletea chakula, akaegemea ile chemba apumzishe mgongo.

"Sadock," akanong'ona, "mtoto kaacha kucheza."

Hospitali waka-check, wakasema moyo unadunda vizuri. Wiki ikapita, mtoto kimya, na kila mashine ikianza kujihesabia, Prudensia huko nyumbani anasikia baridi tumboni. Ndipo Sadock, Mlutheri wetu, msomi wa watu, alipokwenda kwa Maalim Mbaraka, Mpemba fundi kompyuta. Maalim akasema ni jini, akaandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akayatia chupani.

"Kombe hili anywe mkeo. Lote. Umenielewa?"

Alielewa, ila usomi nao una kiburi chake. Jini si yuko kwenye mashine? Akamimina kombe lote kwenye kichupa cha sampuli, akafungua vali, mvuke ukaingia. Namba zikashuka hadi sifuri, harufu ikakatika. Sadock alilia kwa furaha.

Kesho yake akaenda kuosha kichupa, akakuta zafarani yote imebaki chini, imekauka, maana kinachoingia mashineni ni mvuke peke yake, jambo analowafundisha wanafunzi kila muhula, kwa hiyo kilichomfikia jini ni maji matupu, na kama maji matupu hayamfukuzi basi kaondoka kwa hiari yake, na kama kaondoka kuna mahali kaenda.

Akatia maji, akatikisa, akaendesha gari hadi nyumbani bila kujua kapita taa zipi. Prudensia alikuwa kwenye kochi, anatabasamu.

"Anacheza tangu jana," akasema.

Sadock akapiga magoti, akamsogezea kichupa. "Kunywa, mke wangu. Nakuomba."

Prudensia akalifunika tumbo kwa mikono miwili. "Hataki ninywe."

"Nani hataki?"

Akamwangalia mumewe kwa mshangao. "Mwanao. Kwani wewe humsikii anavyoongea?"