Mbwa wa Mguu Mmoja

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kwamba nyayo zote zilikuwa za mguu mmoja.

Wengine waliona maua. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, na tuta la mawaridi katikati ya bustani ya jiji lilikuwa limefumuliwa kama godoro kuukuu. Miche ishirini na minne ilikuwa imelala ovyo, mizizi ikitazama mbingu, majani makavu yakipukutika kama karatasi ya zamani. Mtunza bustani, mzee mpole ambaye kila mtu alimwita Babu Waridi, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa matofali, kofia mkononi, kama mtu aliyefiwa.

"Mbwa," alisema. "Tazameni wenyewe. Nimefungua geti saa kumi na mbili kamili, nikakuta hivi. Kuna mmoja amelala humu."

Juu ya udongo mwekundu uliolowa mvua ya jana jioni kulikuwa na nyayo tisa, kubwa, za duara. Kila unyayo ulikuwa na pengo dogo kwenye kidole cha pembeni. Kimya aliinama kama anayefunga kiatu, akahesabu mapengo. Tisa.

Saa moja kasorobo alifika msimamizi, Bi Meneja, na mabuti yake ya mvua. Alipiga picha nne, akahesabu miche, kisha akazitazama kamba tatu za mbwa zilizokuwa mkononi mwa Kimya.

"Mbwa mwenye miguu mikubwa hivi hapa ni mmoja tu."

Meja, dume la kahawia lenye umri wa kustaafu, alipiga mwayo.

"Jumatatu wakubwa wanakuja kukagua mawaridi," Bi Meneja aliendelea. "Nitawaonyesha nini, mashimo? Kesho saa sita mchana naifunga Kona ya Mbwa. Kufuli na tangazo. Nimemaliza."

Kimya alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaufunga.

Jina hilo hakupewa bure. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, anaishi kwa mama yake mdogo, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza mbwa wa watu wasio na nafasi au wasio na magoti. Meja alikuwa wa fundi saa, ambaye magoti yake yalikwisha kustaafu kabla yake. Pamba, mweupe kama jina lake, alikuwa wa muuguzi wa zamu. Wa tatu, Kelele, hakuwahi kubweka tangu azaliwe.

Na Kona ya Mbwa ndiyo ilikuwa baraza lake. Palikuwa na majani laini yaliyozungushiwa waya mfupi, beseni la bati la maji, benchi mbili, na kibanda cha chai chenye veranda ambapo mbwa aliruhusiwa kulala chini ya meza bila mtu kukunja uso. Hapo watu walimsalimia kupitia mbwa. "Meja, hujambo? Na dada yako hajambo?" Naye alijibu kupitia mbwa. Mtu mwenye aibu hapati mahali kama hapo mara mbili. Wakipafunga, atarudi kuwa yule wa kupita kandokando ya ukuta.

Tena kulikuwa na Meja. Meja hakuwa na mdomo wa kujitetea.

Saa moja na nusu Kimya aliketi verandani. Mhudumu wa kibanda, kijana mrefu mwembamba waliyemwita Kijiko, alimletea chai huku akiruka mkia wa Kelele.

"Afadhali pafungwe," alisema. "Jana nimetoa unyoya kwenye kikombe cha mteja. Mteja akaniuliza, hii ni chai ya nani, yangu au ya Pamba?"

Kimya hakuweza kumhoji mtu akimtazama usoni. Alimwinamia Meja. "Meja, eti Kijiko leo kafika saa ngapi?"

"Mwambie nimefika saa kumi na moja na nusu," Kijiko alijibu, amezoea. "Nimeingilia mlango wa barabarani. Wa bustanini sina ufunguo. Ufunguo wa geti anao Babu, na mwingine anao Bi Meneja."

"Meja, hakuona mtu?"

Kijiko alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Nimemwona Mwalimu. Yule mstaafu wa nyumba ya kona, aliyeandika barua tatu kulalamikia mbweko. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alikuwa anatokea kwenye tundu la uzio wa bustani, amekumbatia kitu ndani ya mtandio. Kaniona, kakaza mwendo kama mwizi wa mayai. Sasa niambie, mtu mzima na heshima zake anapitaje kwenye tundu?"

Kimya aliweka kikombe chini. Huyo Mwalimu alimjua.

Wakati wa kutoka alipita getini, pale palipokuwa na sanamu ya mbwa ya saruji. Gari la maji lilirudi nyuma miezi miwili iliyopita likaivunja mguu mmoja wa mbele, na tangu hapo ilisimama kwa mitatu kama kigoda. Kimya aliitazama vidole. Mchongaji alikuwa amechonga vizuri kila kitu isipokuwa kucha. Hakuweka kucha.

Alirudi mbio kwenye tuta, mbwa wakimvuta. Kwenye zile nyayo tisa hakukuwa na alama ya kucha hata moja. Akamwachia Meja akanyage udongo pembeni. Kucha za Meja zilichoma ardhi kama misumari, na miguu ya mbele ikaacha alama kubwa kuliko ya nyuma.

"Mbwa asiye na kucha," alimnong'oneza, "kachimba mashimo ishirini na manne."

Saa tatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Mwalimu, mkono hewani, hauwezi kubisha. Alipokuwa darasa la sita, dirisha la darasa lilivunjika wakati wa mapumziko. Vidole vyote vilimwelekea yeye aliyekuwa karibu. Mwalimu huyu alimuuliza mara tatu, naye mara tatu akanyamaza. Aliambiwa arudi na mzazi. Hakurudi, siku ile wala mwaka ule.

Kelele, ambaye hakuwahi kubweka, alibweka. Mlango ukafunguka.

"Nini tena?" Mwalimu alikuwa amezeeka, lakini macho yalikuwa yale yale ya kusahihisha. "Hao mbwa wafunge kwenye nguzo. Wewe nakujua."

"Ndiyo, Mwalimu." Kimya aliinamisha kichwa kwa Pamba. "Pamba, Mwalimu alionekana... alfajiri... na mtandio..."

"Unaongea na mbwa au na mimi?"

Kabla hajajibu, paka mnene wa kijivu alitokea nyuma ya miguu ya Mwalimu. Amevaa mkanda kifuani. Nyuma yake alikokota kamba ndefu ya rangi ya zambarau.

Walitazamana wote kwa muda, watu wawili na paka.

"Haya," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Umeona. Natembeza paka. Ana hamu ya majani kama hao mbwa wako, ila anaogopa mbwa, kwa hiyo tunaingia kabla geti halijafunguliwa. Nimefundisha miaka thelathini na moja, sasa nipite mchana na paka kwenye kamba, wanafunzi wangu wanione?"

Kimya aliuma mdomo asicheke. "Leo mliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika ishirini. Ukungu mtupu. Tulipokaribia mawaridi paka alisimama akakataa. Nikasikia chuma. Krr, krr, koleo likigonga jiwe. Nikadhani Babu anapalilia mapema, nikarudi nisionekane."

"Mbwa hakubweka?"

"Angebweka, paka huyu angekuwa juu ya kichwa changu."

Saa kumi jioni Kimya alimkuta Babu Waridi nje ya banda la vifaa. Mzee alimpa kiti, akawapa mbwa maji. Tangu Kimya aanze kuja bustanini, mzee huyu ndiye aliyemwamkia kila asubuhi bila kungoja jibu. Hilo ndilo lililomuuma.

"Usihuzunike, mjukuu wangu," alisema. "Mbwa ni mbwa. Hana kosa."

"Meja," Kimya alisema, "eti kwa nini nyasi za kando ya tuta zimekauka kwa mstari ulionyooka?"

Babu alifuta jasho. "Jua."

"Meja, si wiki nzima mvua imenyesha?"

Mzee aligeuka kuelekea banda. Ukutani, ndani ya mlango, yalining'inia mabomba mawili ya kunyunyizia dawa, mapacha wa bluu, moja likiwa na kitambaa chekundu mpinini.

"Kitambaa ni cha nini, Babu?" Mara hii alisahau kumuuliza mbwa.

"Hilo ni la sumu ya magugu. Jingine ni la dawa ya wadudu. Miwani yangu ilipotea, mjukuu wangu. Nasoma kwa kitambaa."

Kimya alikumbuka Alhamisi ya juma lililopita: mabomba mawili yameoshwa, yameanikwa jua, yote uchi, na kitambaa chekundu peke yake kwenye waya kikikauka. Usiku wa Ijumaa hakulala vizuri. Mama yake mdogo alimuuliza, "Una nini? Wajua kitu?" Akatikisa kichwa. Mama mdogo akasema, "Haya, kaa nacho. Siku moja kitakusonga."

Jumamosi, saa tano na nusu, veranda ilijaa. Fundi saa alikuwa ameletwa kwenye baiskeli ya jirani. Mwalimu alisimama mbali, mikono nyuma. Bi Meneja alishika kufuli jipya, bado liko kwenye pakiti yake.

"Nyie mna dakika thelathini za kuaga," alisema.

Kimya alisimama. Alimtafuta Meja kwa macho, lakini Meja alikuwa amejilaza kwenye miguu ya bwana wake, amelala fofofo. Hakukuwa na mbwa wa kumsemea.

"Bi Meneja," alisema, akimtazama usoni. "Mbwa aliyefanya hivi hana kucha. Ana mguu mmoja, na kidole cha pembeni kina pengo."

Kijiko aliangusha kijiko.

"Zile picha zako nne, zitazame."

Bi Meneja alitoa simu, akakuza picha ya kwanza, ya pili. Uso wake ulibadilika polepole. "Zote ni za mguu ule ule."

"Mbwa akitembea huacha nyayo kubwa na ndogo, na alama za kucha. Mguu huo umegongwa kama muhuri. Tena Mwalimu alisikia koleo kabla ya saa kumi na mbili, wakati geti limefungwa."

"Wewe Mwalimu ulikuwa humo ndani?" Bi Meneja aligeuka.

"Nilikuwa na paka wangu," Mwalimu alisema, kidevu juu. "Na kamba yake ni ya zambarau, kama kuna anayetaka kuuliza."

Hakuna aliyetaka.

"Na mawaridi yaling'olewa alfajiri," Kimya aliendelea, "lakini saa kumi na mbili na dakika ishirini majani yalikuwa yamekwisha kauka. Yalikufa kabla ya kung'olewa. Mguu wa sanamu ya getini uko wapi, Bi Meneja?"

"Bandani. Unangoja saruji."

"Tukautazame."

Haikuwa lazima. Babu Waridi alikuwa ameshavua kofia. Bi Meneja alienda hata hivyo, akarudi na mguu wa saruji. Kidole cha pembeni kilikuwa na pengo, na katikati ya vidole, ingawa ulikaa rafuni miezi miwili, kulikuwa na udongo mwekundu mbichi.

"Nilikifua kile kitambaa," mzee alisema. "Nikakirudisha kwenye bomba lisilo lake. Nikayanyunyizia sumu kwa mkono wangu, nikiyaimbia. Jumanne yakaanza kujikunja. Miaka ishirini na miwili nayalea, nikayaua kwa dakika kumi. Nikasema, wakijua sioni vizuri, wataniambia niende nyumbani. Nyumbani hakuna ua hata moja." Alimtazama fundi saa. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilimsingizia asiyeweza kusema."

Mficha maradhi kilio humfichua. Kelele alimwendea mzee akamlamba mkono.

Bi Meneja aliuweka ule mguu chini. Kisha akalirudisha kufuli kwenye mfuko wa koti. "Barua ya onyo utaipata. Jumatatu utasimama nami mbele ya wakubwa, uwaambie mwenyewe. Na Jumanne unapimwa macho, nitakupeleka mimi." Akavuta pumzi. "Mzee, lakini ungesema tu. Siku ile ile. Mawaridi tungepanda mengine."

"Niliogopa."

"Najua. Lakini ungesema tu."

Saa sita ilifika, ikapita. Kijiko aligawa chai bila kulalamikia manyoya. Pamba alioga kwenye beseni la kunywea na hakuna aliyemfukuza. Fundi saa alimsimulia Babu habari za magoti, Babu akamsimulia habari za macho, wakapatana. Na Mwalimu, baada ya kuzunguka mara mbili kama anayetafuta kiti, alikwenda nyumbani akarudi mchana kweupe, paka mbele, kamba ya zambarau nyuma. Meja alifumbua jicho moja, akamwona paka, akalifumba.

Kimya alimpelekea Mwalimu kikombe, na kisahani cha maji kwa ajili ya paka.

"Umesema vizuri leo," Mwalimu alimwambia. "Sikujua una sauti."

Maneno ya Bi Meneja bado yalikuwa masikioni mwa Kimya. Aliweka kisahani chini. Paka alikuwa pale pale, karibu, mwenye masikio mazuri ya kuongea nayo. Hakumtazama paka. Aliinua uso.

"Mwalimu," alisema, "lile dirisha la darasa la sita, sikulivunja mimi."