Pumzi ya Malkia wa Chumvi

Kinachomwacha mtu anapokufa ni pumzi. Kulijua hilo hakuhitaji shule. Ndiyo maana mwiko ulimsimama Marjolaine mkononi alipokuwa jikoni anakoroga supu ya njegere. Sebuleni mama mkwe wake alikuwa anapumua.

Mama mkwe huyo, Fleurette, alikufa kabla ya Krismasi. Maiti yake ilikuwa imehifadhiwa kule kijijini kwao, ikingoja theluji iyeyuke ardhi ichimbike. Lakini pumzi ilikuwa yake, haikosewi: inavutwa kwa kukoroma, inakaa, halafu inatoka na kifilimbi chembamba kama birika linalotaka kuchemka.

Marjolaine akachungulia. Mumewe, Yanick, alikuwa mbele ya televisheni, pedi ya kuchezea mkononi. Kwenye kioo alisimama mnyama wa mwisho wa mchezo wa video anaoutengeneza, yule ambaye mchezaji humuua ndipo ashinde, Malkia wa Chumvi, jimama refu kama mnara wa kanisa, jeupe, linahema.

"Yanick, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Hospitali. Nilimrekodi mama."

"Umemrekodi mama yako anakata roho, ukamtia kwenye mchezo?"

"Ni kishika nafasi tu, mke wangu. Nitaibadilisha baadaye."

Ndivyo wanavyofanya kazi hawa. Kitu kama hakijawa tayari, wanabandika chochote ili wenzao waendelee, watakibadilisha baadaye. Na baadaye yao ni kama mgeni aliyekwambia yuko njiani kumbe hata viatu hajavaa. Siku ile Yanick alikuwa kando ya kitanda cha mama yake. Simu ya kazini ikaita, akarekodi pumzi chache, akaenda zake. Fleurette akafa ameshikwa mkono na nesi ambaye hata jina lake hakulijua. Mwanawe naye akafika kazini akaunga mwisho wa ile rekodi na mwanzo wake, pumzi ikawa inazunguka, inazunguka, haina pa kuishia.

Sasa kazini kwao, katika kiwanda cha zamani cha makoti pale Montreal, wana sheria moja: aliyeunda mnyama amuue mwenyewe, kwa mkono wake, ndipo mchezo uuzwe. Sheria nzuri. Usimpakulie mwenzio usichoweza kukila.

Yanick hakumweza Malkia. Alikufa mchezoni asubuhi, akafa mchana, akaacha kwenda kazini akawa anafia nyumbani. Mkuu wake, Gauthier, akapiga simu.

"Kaka, mpunguze makali huyo bibi. Watu wananunua mateso, hawanunui jeneza."

"Nimempunguza, Gauthier. Nimempa uhai wa kifaranga. Hafi."

"Basi angalau toa hiyo sauti, inatia kinyaa."

"Nilishaifuta. Juzi."

 Kabla Gauthier hajajibu, Malkia akavuta, akakaa, akatoa.

"Sasa hiyo ninayoisikia ni nini?" akauliza Gauthier, kwa sauti ndogo. Hakupiga simu tena.

Ikaja harufu. Dawa ya kifua, ile ya kupaka, aliyokuwa akijipaka Fleurette hadi mito inanuka. Marjolaine alifua mapazia, akafungua madirisha baridi ikaingia kama mwizi, harufu ikakaa palepale. Usiku akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe aliyesinzia kwenye kochi mbele ya mchezo unaowaka, na kiganja kikamwambia jambo ambalo masikio yalikuwa yamekataa kulisikia: Yanick alikuwa anavuta Malkia akivuta, anakaa Malkia akikaa, na anapotoa, kifilimbi kilekile chembamba kinatoka katika pua zake.

Akaruka, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, na kifua cha Yanick kikatulia kama mlango uliofungwa, na Marjolaine akamwita, akampiga makofi, akamtikisa, akaona midomo inageuka rangi ya zabibu na macho yanamtazama yakiomba kitu ambacho mdomo hauwezi kukitaja, mpaka akatambaa sakafuni akipapasa waya gizani, analia, anatukana, akauchomeka tena, Malkia akavuta pumzi, na Yanick akavuta naye.

Walikwenda hospitali, mashine ndogo ya mchezo, Malkia ndani yake, ikiwaka mapajani mwa Yanick. Wakangoja mpaka waliokuja na mafua wakapona. Daktari akamsikiliza kifua.

"Mapafu ya farasi haya. Apunguze michezo."

"Akizima anakufa, daktari."

"Wote husema hivyo, mama."

Na ile nafasi kati ya kuvuta na kutoa ilikuwa inarefuka. Marjolaine alikuwa anaweza kukunja shuka nzima humo katikati. Akaona mumewe anamwondokea pumzi kwa pumzi, naye hana wa kumpigania. Ndipo akampigia Rolande.

Rolande ni mdogo wake Fleurette, bibi mfupi, ulimi wembe. Kijijini kwao mtu akijikata kwa msumeno anapigiwa simu Rolande kwanza, ananong'ona maneno yake, damu inasimama. Sharti ni moja: halipwi na hashukuriwi. Ukimpa senti au ukitamka lile neno, dawa inarudi nyuma na kipawa kinamkauka.

Alifika mchana wa theluji, akavua mabuti mlangoni, akanusa.

"Fleurette! Hata kufa unawachelewesha watu!"

"Mama mdogo," Yanick akasema, na ilimchukua muda kupata hewa ya kusemea, "nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini? Dada yangu hajamaliza kufa. Ulimkata pumzi katikati ukakimbilia kazini. Haya, cheza. Anapokujia huwa unafanyaje?"

"Nabingirika. Namkwepa."

"Ndiyo tabia yako. Leo usimkimbie. Kaa naye mpaka amalize."

Akamshika kiwiko, akaanza kunong'ona. Malkia akaja na mikono yake mirefu ya chumvi, na Yanick, ambaye vidole vyake vyote vilitaka kukimbia, akamsogelea, akaingia chini ya mikono ile mpaka kifuani penyewe, mahali ambapo hakuwahi kufika hata yeye aliyemuunda, na harufu ya dawa ya kifua ikajaa sebule hadi Marjolaine akaona machozi yanamchoma, na Malkia akavuta, akakaa, akakaa, akakaa, Rolande ananong'ona jasho linamtiririka, kisha Yanick akapiga pigo moja, na ile pumzi ikatoka, ndefu, na kifilimbi chake, ikaenda ikiisha kama maji yanayoishia mchangani. Haikurudi.

Malkia akaanguka chini, chumvi tupu.

 Halafu Yanick akavuta hewa yake mwenyewe, kwa pupa, kama mtoto aliyeibuka mtoni. Akamgeukia Rolande, akafungua mdomo, na Marjolaine akauziba kwa viganja viwili.

"Lia! Kohoa! Tukana ukitaka! Lile neno hapana!"

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliokoswa na gari. Rolande akainama kutafuta mabuti yake.

Nyuma yao, kioo kikawa cheusi. Majina ya waliotengeneza mchezo yakapanda taratibu, Gauthier, Yanick, wengine. Yakaisha. Ukabaki mstari mmoja katikati, herufi nyeupe:

ASANTE KWA KUCHEZA.

Rolande alikuwa ameshika buti moja. Likamtoka mkononi.

"Nani kaandika hilo?"

"Mimi," akasema Yanick. "Zamani, tulipoanza. Ni desturi tu, mama mdogo, kila mchezo una..."

Hakumaliza. Kifua kilisimama.

"Mama mdogo, fanya kitu!"

Rolande alimshika kiwiko, akachezesha midomo, akakiachia. Alitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. "Sina kitu, mwanangu. Kumekauka."

Midomo ya Yanick ilikuwa inageuka zabibu. Marjolaine akainyakua pedi, akatafuta pale palipoandikwa Anza Upya, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Malkia akainuka kutoka kwenye chumvi yake. Akavuta. Yanick akavuta.

Marjolaine alipiga magoti, akatega sikio kifuani kwa mumewe, akingoja pumzi itoke. Alingoja sana. Ilipotoka, na kifilimbi chake, ndipo alipogundua kwamba naye alikuwa akiingoja ili atoe yake.