Uboho wa Dada

Maji yakipwa katika kijiji cha Mlingotini, wanawake wanaolima mwani hushuka baharini. Hufunga kanga viunoni, hubeba kamba na vigingi, na huacha ndara zao mchangani. Ndara ni nyingi, na mbwa wa Mlingotini wana tabia mbaya. Kwa hiyo palikuwa na mlinzi wa ndara. Mlinzi huyo aliitwa Adila.

Adila alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Alikaa kwenye mchanga mkavu, amevaa sweta hata jua likiwa kali. Bahari aliiona kwa macho tu. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na maji baridi yakimgusa, mifupa ilimuuma mpaka analia.

"Dada, leo maji yana joto?" aliuliza kila siku.

"Bado, mdogo wangu," alijibu dada yake, Mwanabaraka. "Kaa hapo hapo, bosi wa ndara."

Hakuna aliyefunga mwani haraka kama Mwanabaraka. Aliinama tangu maji yatoke mpaka yarudi. Baba yao, Kibwana, alikuwa amefariki. Mgongo wa Mwanabaraka ndio uliolisha nyumba.

Mama yao, Bi Sikudhani, alizaa watoto hao wawili tu. Lakini ukimuuliza, atakwambia ana watatu. Wa tatu ni Muadh.

Muadh ni kijana wa Kiarabu. Wazazi wake wana duka la vitambaa Bagamoyo mjini. Alipozaliwa, mama yake aliumwa sana. Wakati huo Bi Sikudhani alikuwa ananyonyesha Mwanabaraka. Akamchukua na Muadh, huyu kulia, huyu kushoto. Basi wakawa ndugu wa ziwa moja. Muadh hawezi kumuoa Mwanabaraka wala Adila, maana kidini ni dada zake. Mpaka leo huingia jikoni kwa Bi Sikudhani na kufunua sufuria bila kuomba ruhusa.

Siku moja Adila alishindwa kushika kikombe. Mkono wake wa kushoto ulilegea na mdomo ukaenda upande. Alikuwa amepata kiharusi. Mtoto kupata kiharusi! Watu wakaanza kunong'ona habari za wachawi. Midomo ya watu haina kazi nyingine.

Hospitali walimtibu, na mkono ukarudi polepole. Kisha wakampeleka kliniki ya hospitali kubwa, Dar es Salaam. Familia nzima ilikwenda, na Muadh pia. Huko walimkuta Nesi Dija.

"Damu hutengenezwa wapi?" aliuliza Nesi Dija.

"Moyoni," alisema Bi Sikudhani.

"Wengi husema hivyo, mama. Moyo husukuma damu tu. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa. Ukivunja mfupa wa mbuzi, unaona nini ndani?"

"Uboho," Muadh alijibu haraka. Muadh hajawahi kuacha uboho kwenye supu.

"Huo huo. Uboho wa Adila unatengeneza chembe za damu zilizopinda kama mundu. Zinakwama kwenye mishipa. Zikikwama mguuni, mguu unauma. Zikikwama kichwani, ni kiharusi. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na kwa mama. Hakuna aliyemroga."

"Na dawa anazokunywa?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Dawa huwasaidia wengi, wakakua na kufanya kazi zao. Lakini Adila ameshapata kiharusi. Madaktari wanaona afadhali apandikizwe uboho mpya. Tunautafuta kwanza kwa ndugu yake."

"Ndugu yupo!" Bi Sikudhani alimshika Muadh mkono. "Kaka yake huyu hapa. Ana dada pia, lakini dada ana kazi nzito baharini. Tuanze na kaka."

Muadh akakunja mkono wa kanzu. "Chukueni hata sasa hivi!"

Mwanabaraka alikuwa amekaa kwenye benchi. Moyoni alisema alhamdulillahi, afadhali Muadh. Papo hapo akaona aibu.

Muadh alitolewa damu kidogo ya kupima. Aliporudi Bagamoyo alitangaza dukani, msikitini na kwenye kijiwe cha kahawa. "Mimi ndiye nitakayempa mdogo wangu uboho," alisema. Watu wakamnunulia kahawa na kashata.

Majibu yalipotoka, Nesi Dija aliwaita tena. Alimtazama Muadh, kisha akamtazama Bi Sikudhani.

"Mama, uniwie radhi kwa swali hili. Muadh ulimzaa wewe?"

"Nilimnyonyesha," alijibu Bi Sikudhani kwa fahari. "Ziwa moja na Mwanabaraka."

Nesi Dija alishusha pumzi. "Kosa ni langu. Nilipaswa kuuliza mapema. Uboho wa Muadh haufanani kabisa na wa Adila."

Muadh alikuja juu. "Kwani ziwa si udugu? Siwezi kumuoa Adila mpaka kiama! Leo mnaniambia si ndugu yangu?"

"Ni ndugu yako. Dini imesema, na mimi sibishi," alisema Nesi Dija taratibu. "Lakini uboho haufuati maziwa. Kwenye chembe za mwili kuna alama ndogo ndogo. Nusu tunazipata kwa baba, nusu kwa mama, kabla ya kuzaliwa. Mtoto anapoanza kunyonya, alama zake zipo tayari. Tunahitaji mtu aliyezaliwa na baba yule yule na mama yule yule. Hata hao hawafanani wote. Kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne."

Muadh alikaa chini. Yule kijana mrefu, mwenye maneno mengi, alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Kisha wote wakageuka kumtazama Mwanabaraka.

"Mwani wangu utaharibika," alisema Mwanabaraka. Akainuka, akatoka nje.

Kesho yake Muadh alimfuata pwani. Alimkuta anafunga fundo, analifungua, analifunga tena.

"Baraka, unaogopa nini?"

"Nani kasema naogopa?"

"Hilo fundo limesema."

Mwanabaraka aliitupa kamba. "Wenzangu wanasema madaktari huchoma sindano kwenye uti wa mgongo. Ukitoka pale, huinami tena. Nisipoinama, Mama na Adila watakula nini? Na wanasema sitazaa."

"Wenzako wameshawahi kutoa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi twende kwa anayejua. Kuuliza si kukubali."

Wakaenda. Nesi Dija alimkaribisha Mwanabaraka peke yake na kumwacha Muadh nje ya mlango.

"Weka mkono nyuma ya kiuno," alisema. "Shuka kidogo. Umeugusa huo mfupa mgumu wa nyonga? Hapo ndipo madaktari huchota uboho kwa sindano. Uti wa mgongo hauguswi. Utalazwa kwa dawa ya usingizi, hutasikia kitu. Kwa wengine tunaukusanya kwenye damu ya mkononi kwa mashine. Daktari ndiye atakayechagua."

"Nikiamka je?"

"Nyonga itauma kama mtu aliyeanguka. Itauma siku kadhaa, pengine wiki mbili. Usibebe mzigo mpaka ipoe. Mwili wako utatengeneza uboho mwingine."

"Na kuzaa?"

"Utazaa, Mungu akijalia. Kizazi hakiguswi. Ila tutapima kwanza kama una mimba, kwa sababu mjamzito hatoi."

"Hakuna hatari hata kidogo?"

"Sitakudanganya, mwanangu. Dawa ya usingizi ina hatari yake, ingawa ni ndogo. Ndiyo maana daktari atakupima wewe vizuri kwanza. Kama afya yako hairuhusu, hutoi."

Mwanabaraka aliinamisha kichwa. "Nikikataa?"

"Ni haki yako. Majibu nitakupa wewe kwanza. Ukikataa, nyumbani wataambiwa tu kwamba hatujapata wa kutoa. Hakuna atakayekunyooshea kidole. Lakini lijue jambo moja. Kabla ya kumpa Adila uboho mpya, tutampa dawa kali za kuondoa ule wa zamani. Tukishaanza, hawezi kurudi nyuma. Ukibadili nia wakati huo, anaweza kufa. Kwa hiyo kama ni kukataa, kataa mapema."

Mwanabaraka alitoa damu ya kupima. Majibu yalipokuwa tayari, Nesi Dija alimwita tena peke yake.

"Mnafanana," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mwingine anayejua."

Mwanabaraka alirudi Mlingotini na siri yake. Hakumwambia Mama, wala Muadh. Angeweza kunyamaza, na maisha yangeendelea. Adila angeendelea kulinda ndara, mpaka siku kiharusi kirudi. Wazo hilo lilimkosesha raha kabisa.

Maji yalipokupwa, alishuka baharini kama kawaida. Kamba yake moja ilikuwa na mwani mgonjwa. Ulikuwa umegeuka mweupe na kukatika ovyo. Mwanabaraka aliutoa wote. Kamba ikabaki tupu. Kisha alikwenda kwenye mwani wenye afya na kukata kipande cha mbegu.

Hapo alisimama. Alikitazama kile kipande mkononi. Aliutazama mwani aliokata. Ulikuwa umepungua kidogo tu, na yeye alijua utaota tena. Alikuwa ameona hivyo miaka yote. Kisha aliitazama kamba tupu. Kuisafisha kamba halafu ukaondoka bila kufunga mbegu, huo ungekuwa ukatili.

Akaifunga mbegu, akatoka majini.

"Mwanabaraka! Maji hayajarudi bado!" wenzake walipiga kelele. Hawakuwahi kumwona anaacha kazi katikati.

Alikwenda moja kwa moja kwa Adila.

"Adila, mwani ukiugua tunafanya nini?"

"Mnautoa wote. Halafu mnafunga mbegu kutoka kwenye mwani mzuri."

"Na ule mzuri unakufa?"

"Haufi. Unaota tena."

"Basi mwani mzuri ni mimi. Nimepimwa. Tunafanana, na nimekubali."

"Dada, mgongo wako?"

"Si mgongo, ni nyonga. Nimeuliza."

Adila alisimama ili amkumbatie. "Usinishike, nimelowa!" Mwanabaraka alipiga kelele huku akirudi nyuma. Adila akamfukuza mchangani na sweta lake, wote wawili wanacheka na kulia. Wanawake waliokuwa majini walipopata habari, vigelegele vilisikika mpaka kijijini.

Mama alielezwa yote, na daktari hakumficha hatari. Zile dawa kali zinaweza kumzuia Adila kuzaa baadaye. Uboho mpya unaweza kukataa kushika. Bi Sikudhani alilia. Daktari alimuuliza Adila mwenyewe.

"Nimechoka kuumwa," alisema Adila. "Nataka tujaribu."

Siku ilipofika, Mwanabaraka alilala kwa dawa ya usingizi, na alipoamka kazi ilikuwa imekwisha. Nyonga iliuma kweli. Alitembea ameshika ukuta kama bibi kizee, naye akajicheka. Uboho wake uliingia kwa Adila kwa mpira wa dripu, mwekundu kama damu.

"Ni huo tu?" aliuliza Bi Sikudhani. Alitegemea kitu kikubwa zaidi.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Adila alikaa katika chumba cha peke yake ili asipate maambukizi. Nywele zilidondoka kwa sababu ya zile dawa kali. Mdomo ulikuwa na vidonda, na homa ilipanda. Akahitaji kuongezewa damu.

Muadh alikuwa wa kwanza mlangoni. "Uboho wangu mmeukataa," alimwambia Nesi Dija. "Damu je?"

Damu ilipimwa, ikafaa. Muadh alitoa, kisha akaleta wenzake wa kwenye kahawa, nao wakatoa. Alirudi kwa Bi Sikudhani kifua mbele, akafunua sufuria.

Asubuhi moja daktari aliingia anatabasamu. Uboho ulikuwa umeshika. Ndani ya mifupa ya Adila, uboho wa dada yake ulikuwa unatengeneza damu mpya. Bi Sikudhani alisujudu hapo hapo, kwenye sakafu ya hospitali.

Mwanabaraka alirudi baharini nyonga ilipopoa. Wenzake walimtazama mgongo. Akainama, akafunga kamba nzima, akainuka.

"Haya, nani kati yenu alisema sitainama?" aliuliza. Ghafla kila mmoja akawa na kazi nyingi sana.

Wewe unayesoma, sitakwambia kwamba kila mgonjwa hupona hivi. Wengine hawapati ndugu anayefanana nao. Wengine hutibiwa kwa dawa tu, na inatosha. Lakini Mwanabaraka aliuliza kwanza, ndipo akaamua, na uamuzi ulikuwa wake mwenyewe.

Mwaka ulipita na zaidi. Adila alikwenda kliniki kila alipoitwa, mpaka daktari alipomruhusu kuingia baharini.

Siku hiyo maji yalikupwa mapema. Mchangani palikuwa na rundo la ndara, na pembeni yake amekaa Muadh na kanzu yake nyeupe.

"Bosi wa ndara, usisinzie!" wanawake walimtania. "Ndara ikipotea, tutadai dukani kwenu!"

Adila alivua ndara zake, akaziweka mbele ya Muadh. Hakuwa na sweta. Maji yalimfika miguuni, magotini, kiunoni. Alipiga kelele za furaha. Mwanabaraka alimpa kamba, akamfundisha fundo la kwanza. Wakafunga mwani bega kwa bega mpaka maji yakaanza kurudi.

Adila alipotoka alikuwa anatetemeka, ameloa kuanzia kichwani. Bi Sikudhani alimkimbilia na kanga kavu. Akaanza kumshika magoti, viwiko na vidole, kama alivyozoea.

"Panauma wapi? Niambie, mwanangu. Panauma wapi?"

Adila alifikiri kidogo. Kisha akaweka mkono tumboni.

"Hapa," alisema. "Nina njaa."