Fundo la Mwisho Kwenye Hema la Vumbi

Haya yalimkuta jirani yetu mshona nguo, yule wa nyumba yenye mlango wa bluu. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limeshapanda, redio ya dukani inaimba, na Fundi amekaa kwenye cherehani yake chumba cha mbele, tepu ya kupimia shingoni, anamalizia sare ya mtoto wa watu. Ndipo pikipiki ikanguruma nje, na mtaa mzima ukajua nani kaja.

Alikuwa mdogo wake. Wote tulimwita Vumbi, maana hakuwahi kuingia nyumbani bila kuja nalo, kwenye nywele, kwenye kope, mpaka ndani ya masikio. Alikuwa anafanya kazi ghalani, na kila akipewa likizo alifunga hema nyuma ya pikipiki akaondoka peke yake kwenye zile barabara za changarawe zisizo na nyumba wala nguzo ya umeme. Giza likimkuta mahali, hapo ndipo palipokuwa kwake. Akirudi, watu walijazana kuangalia picha kwenye simu yake.

"Dada, niokoe," alisema, akatupa furushi la kijani mezani, juu ya ile sare. "Hema limenichanikia chini, na zipu ndiyo hiyo, imekufa. Naondoka leo leo."

"Leo leo! Mimi mashine?"

"Wewe fundi wangu. Ukinishonea nitakuletea jiwe zuri la huko."

"Jiwe nitalipika?"

"Utalikalia. Si kazi yako kukaa?"

Wakacheka wote wawili. Ila mmoja alicheka kwa meno tu.

Maana aliyeanza kupanda pikipiki katika nyumba ile alikuwa Fundi. Marehemu baba yao alimfundisha yeye, wakati Vumbi bado analia akiwekwa hata kiti cha nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akisema ipo siku atalala porini, achemshe chai yake juu ya mawe matatu, asisikie mtu akimwita. Kisha mama akapoteza macho, na baada ya macho, miguu. Ikabidi mtu abaki. Hakuna aliyeuliza ni nani, ilionekana tu kwamba ni yeye. Vumbi akaiazima ile pikipiki ya baba, na kuazima kule hakujaisha mpaka leo.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkaba ni mama. Aliyemwogesha mama ni Fundi, aliyemlisha ni Fundi, aliyemgeuza kitandani asiote vidonda ni Fundi. Lakini kutwa mama alikuwa na swali moja: "Vumbi kafika wapi?" Jina la mkubwa liliitwa pale maji yalipohitajika.

Mama naye zamani alikuwa mshonaji, na cherehani ile ilikuwa yake. Pamoja na kukata na kupima alimwachia bintiye desturi moja ya kazi. Fundo la mwisho halifungwi kimya. Unamtaja mwenye kitu kwa sauti, kitu kijue ni cha nani. "Na usikosee jina," mama alimwonya tangu akiwa mdogo. "Ukikosea, kitamng'ang'ania uliyemtaja, popote alipo." Wateja walishamzoea. Hata kiraka cha suruali Fundi alikitajia mwenye suruali.

Basi akalishona lile hema. Akaweka zipu mpya, akaweka kiraka kikubwa chini. Nje Vumbi alikuwa anawachekesha majirani kwa hadithi ya ng'ombe aliyemlia soksi. Fundi alipofika kwenye kukaza uzi wa mwisho, sauti ya mama ikatoka chumba cha ndani.

"Vumbi! Njoo nikushike mkono kabla hujaenda, mwanangu."

Vumbi akapita mbio na buti zake, akaacha udongo kwenye sakafu iliyodekiwa asubuhi ile.

"Huu ndio mkono," mama alisikika. "Huu umeona dunia."

Fundi akautazama mkono wake mwenyewe. Dole gumba limejaa vitobo vya sindano. Mkono ule ulikuwa umemshika mama alfajiri ile, ukamfuta, ukamvisha, na haukusifiwa. Kitu kikampanda kifuani, chungu na kitamu kwa pamoja. Akakaza uzi. Akainamisha mdomo karibu na kitambaa.

Akajitaja yeye.

Hakuna kilichotokea. Ila uzi ulijikaza wenyewe, kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi.

Vumbi akalifunga hema nyuma ya pikipiki, akambusu dada yake shavuni, akaondoka. Kutoka barazani, Fundi alilitazama lile vumbi likitua juu ya nguo alizoanika.

Kesho yake mchana usingizi ukampitia juu ya cherehani. Ukawa usingizi wa ajabu. Alisikia harufu ya turubai lililopigwa jua. Alisikia upepo ukikwaruza kitambaa, na mawe madogo yakimchoma mgongoni. Mwanga ulikuwa wa kijani. Hakuna aliyekuwa anaita maji. Alilala kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu baba yao afe.

Alipoamka alikuta kokoto kwenye kiganja. Ilikuwa ya moto.

Jioni simu ikaleta sauti ya Vumbi. "Dada, leo kichekesho. Mama mmoja wa kibanda huku kanimiminia vikombe viwili vya chai. Namwambia niko peke yangu. Ananiambia, na huyo dada uliyempakia mbona hataki kushuka? Nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Ila pikipiki nzito nyuma, sijui tairi. Salimia mama."

Fundi aliusikiliza ujumbe ule, akaurudia. Alijua. Alijua vizuri kabisa alichokifanya, na alikuwa na muda wote wa kusema, mdogo wangu geuza, usilale humo. Badala yake aliificha ile kokoto kwenye kopo la vifungo. Mchana uliofuata akafunga mlango wa bluu, akajilaza sakafuni mapema, makusudi.

Wateja wakaanza kulalamika kwamba fundi siku hizi analala. Naye alikuwa anazidi kung'aa. Nywele zilibadilika rangi kwa vumbi lisilotoka kwa maji. Alitembea huku mabega yamekaa kama ya mtu anayeshika usukani. Na sauti za Vumbi kwenye simu zikawa fupi.

"Dada, leo nimeamka niko nje ya hema. Juu ya mawe. Zipu imefungwa."

Halafu:

"Dada, imefungwa kwa ndani."

Halafu, kwa kunong'ona:

"Kuna mtu analala kwenye hema langu. Namsikia anavyopumua. Anakoroma kama wewe."

Fundi alikuwa ameiinua simu amjibu. Kweli alikuwa ameiinua. Lakini mama akaita, na safari hii hakuita maji. Fundi akaingia chumbani na miguu yake ya vumbi. Mama akanusa hewa, akageuza uso, na uso ule mkavu ukafunguka kama dirisha.

"Vumbi? Umerudi, mwanangu?"

Akanyoosha mkono. Akampapasa nywele, akapapasa vumbi lile kwa vidole vyake vyote, akatabasamu. Miaka yote ile, Fundi hakuwa amewahi kupapaswa hivyo.

Angeweza kusema, hapana mama, ni mimi.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nimerudi."

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Alikuja kuisikiliza ukumbini, amesimama.

"Dada." Sauti ya Vumbi haikuwa na machozi, ilikuwa imekauka. "Nimeichana zipu. Nimekuona. Ulikuwa umelala. Nimekuita, ukafumbua macho, ukaniuliza mimi ni nani. Na mimi, dada… sikukumbuka."

Hapo ndipo wivu ulipomtoka mwilini, wote kwa mara moja, ikabaki hofu tupu.

Alimwachia funguo mama wa dukani, yule mwenye redio, akamwomba amwangalie mama, akaazima pikipiki ya fundi wa magari wa mtaani, akaondoka na mkasi mfukoni. Miguu ilikumbuka gia zenyewe. Lami ikaisha, ikaja changarawe. Nyumba zikaisha. Nguzo zikaisha. Hakuuliza njia kwa mtu, na hilo lilimtisha kuliko yote. Kila kona aliijua. Alishaipita, mchana, akiwa amelala.

Kwenye kibanda cha chai yule mama alimwona akipita, akainua mkono. "Umerudi tena? Leo uko peke yako!"

Alilikuta hema jua likiwa bado juu, kwenye uwazi kando ya barabara. Kimya. Pikipiki ya baba yao imesimama kwenye stendi, funguo zinaning'inia. Kiti cha mbele kimejaa vumbi. Kiti cha nyuma ni safi. Kimesuguliwa, kama kimekaliwa muda mrefu.

Buti za Vumbi zilikuwa mlangoni. Zimepangwa pamoja, visigino ukutani mwa hema, kamba zimeingizwa ndani. Vumbi hakuwahi kupanga viatu maisha yake. Anayepanga viatu namna hiyo ni Fundi.

"Vumbi," alinong'ona.

Akaligonga hema kwa kiganja.

"Mdogo wangu, ni mimi."

Akaipanua zipu iliyochanika. Hapakuwa na mtu. Mfuko wa kulalia ulikuwa umebonyea, na ulikuwa na joto. Akapiga magoti, akalitafuta lile fundo. Mkasi ukateleza. Akalifungua kwa meno. Akalifunga upya, akataja jina la mdogo wake kwa sauti, kisha akalipiga kelele mpaka mawe yakaitikia.

Uzi haukujikaza.

Simu ikalia. Ni mama wa dukani.

"We Vumbi, unatutia wasiwasi. Dada yako anauliza unarudi lini."

"Dada yangu… yupi?"

"Una madada wangapi? Fundi! Yupo hapa anashona. Nimempa funguo zake."

Nyuma ya sauti ile Fundi aliisikia cherehani. Aliijua kama anavyojua kikohozi chake mwenyewe. Ilikuwa inakwenda vizuri, bila kukwama.

Alifika nyumbani jua likizama. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Vumbi alikuwa amekaa kwenye kiti, tepu shingoni, amenyooka mgongo, hana chembe ya udongo. Vumbi, ambaye hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia pembeni ya kitambaa vyenyewe, naye anavitazama kwa macho ya mtu aliyefungwa.

"Mdogo wangu."

"Polepole," Vumbi alinong'ona. "Mama yuko macho."

"Twende zetu. Inuka."

"Siwezi kuinuka, dada. Nimejaribu." Mguu ukakanyaga pedali. "Si ndicho ulichotaka?"

Fundi akauacha mkasi mezani. Akaingia kwa mama, akaketi sakafuni kando ya kitanda.

"Vumbi!" Mama alifurahi. "Njoo nikushike mkono."

Akaushika. Akakipapasa kiganja, akapanda kwenye dole gumba. Hapo vidole vyake vikasimama. Vikapita tena juu ya vile vitobo vya sindano, kimoja kimoja. Tabasamu likazima.

"Mkono huu ndio unaonivisha," mama alisema taratibu. Kisha akainama, akanong'ona sikioni kwake, kwa sauti ya mshonaji anayeulizia kazi iliyoharibika. "Mwanangu. Ulitaja jina la nani?"

Fundi akalia mpaka akalala palepale sakafuni, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Usiku huo mama hakuuachia.

Alfajiri aliamka kwenye mwanga wa kijani. Mawe mgongoni. Upepo unakwaruza kitambaa. Barabara ya changarawe ikienda mbele, nyeupe, haina mtu.

Tangu hapo amejaribu kurudi kulala nyumbani, sijui mara ngapi. Anafika, anasalimia, anaketi na mama. Akifumba macho tu, hema linamchukua. Kutwa yuko njiani, na watu wanampungia mkono, wanamwonea wivu kwa uhuru wake.

Sisi majirani tunasuka nywele, tunachota maji, hatuulizi. Lakini Vumbi tunayemjua ana kovu kwenye mguu wa kulia, aliunguzwa na bomba la moshi la pikipiki. Huyu tunayemwita Fundi sasa akikanyaga pedali, gauni likipanda kidogo, kovu lile linaonekana. Wateja wake hutazama pembeni. Wakati wa kufunga fundo la mwisho hufungua mdomo amtaje mwenye nguo, na kila mara hukaa hivyo kwa muda, kama analitafuta jina lake mwenyewe kwanza.

Na kando ya kitanda cha mama, sakafuni, kila asubuhi pana umbo la mtu aliyelala ubavu, mkono mmoja umenyooshwa juu. Limechorwa kwa vumbi la changarawe. Linakuwepo hata siku ambazo hakuna pikipiki iliyoonekana mtaani. Lina joto.

Mama amekataza lisifagiliwe.