Kipande cha Reli ya Mgodi

Mimi sikuwepo, lakini rafiki yangu Vahwere, mhunzi wa hapa Bunia, si mtu wa uongo. Wakati wa vita Xavier alimletea kipande cha reli kiwe fuawe la kufulia chuma. Si reli pana ya treni; ni ile nyembamba ya vigari vya mgodi, ambako Xavier alifanya kazi na Plamedi, mdogo wake Vahwere.

"Mudogo wako alikimbilia Aru," Xavier alisema. "Iko muzima." Akacheka. "Mule shimoni tulisemeshana kwa kugonga hii reli. Wa chini wanagonga tatu: juu iko salama? Siye wa juu tunagonga moja: iko salama, mupande."

Mvua ikaanguka, kibanda kikawa giza. Reli ilikuwa chini, hakuna aliyeigusa. Ikalia mara tatu.

Ikanyamaza. Ikalia tena tatu, polepole, kama mtu aliyechoka kungoja.

Xavier akarudi nyuma. "Siku ile mudogo wako aligonga tatu toka chini, mimi niligonga moja," akanong'ona. "Wapiganaji walikuwa kando yangu. Nilipogonga, waliniacha niende."

Vahwere akachukua nyundo.

"Usimujibu!"

Akagonga moja.

Ndani ya kile kipande kifupi, mbali sana, magurudumu yakaanza kupanda.