Maji Aliyoyamwaga Blandina

Ukoo wa Lohay ulikuwa na heshima katika Mang'ola yote, wilayani Karatu. Lohay mwenyewe alishuka kutoka Mbulu na jembe moja begani, akafungua shamba la vitunguu. Mwanawe, Margwe, alikabidhiwa kugawa zamu za maji ya mifereji, wala hakuna jirani aliyewahi kulalamika kwamba amepunjwa. Mwana wa Margwe, Mzee Sylvesta, alikuwa mzee wa kanisa ambaye neno lake halikuhitaji shahidi. Blandina, msichana wa darasa la saba, alikuwa mjukuu wa Mzee Sylvesta. Kila asubuhi alifagia uwanja, akakamua mbuzi, akateka maji ya chemchemi, ndipo akashika njia ya shule.

Wakati wa likizo kazi ziliongezeka. Mvua za mwaka ule zililifurisha Ziwa Eyasi, na baba yake mdogo, Obed, alipiga kambi ya kuvua kambare ng'ambo ya ghuba. Alikaa na kijana wa Kimaasai kutoka Kakesio aitwaye Kisioki, aliyeajiriwa kukausha samaki. Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, hayanyweki. Kwa hiyo kila baada ya siku chache mtu mmoja aliwapelekea dumu la maji ya chemchemi kwa mtumbwi wa faiba, mwepesi, usioweza kubeba zaidi ya mtu mmoja na mzigo wake. Katikati ya ghuba ulilala ukanda mpana wa mchanga. Hapo mpiga kafi alishuka, akajitwika mtumbwi juu ya ngata, akauvusha, kisha akarudi kulifuata dumu.

Kazi hiyo ilikuwa ya Richard, mtoto wa shangazi yake Blandina. Safari hii Richard aliumia mkono, siku ya kupeleka maji ikapita, na Blandina akaomba aende yeye. Richard akacheka.

"Wewe mtumbwi ndio utakubeba," alisema. "Mimi mchanga ule navuka bila kupumzika. Wewe jua litakuchwea hapo hapo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mwiba. Babu alikagua mzigo, akakaza kifuniko cha dumu kwa mkono wake, akamwonya asikiguse mpaka afike kambini. Blandina aliitikia kwa adabu. Lakini alipoufikia ule mchanga, akautazama ulivyokwenda mbali na kulikumbuka cheko la Richard, alikifungua. Alijiambia kwamba kambini hapakosi akiba. Mchanga ukayanywa maji yote. Akalifunga dumu tupu ndani ya mtumbwi, akajitwika vyote kwa mkupuo mmoja, akavuka bila kupumzika. Alifika kambini akiimba.

Hakuna aliyetoka kumlaki. Chini ya turubai Obed alikuwa amelala chali, macho yamezama, midomo imepasuka. Akiba iliwaishia, naye kwa kiu alikunywa maji ya dimbwi. Tangu hapo aliharisha na kutapika bila kukoma. Kisioki alikuwa akimpepea kwa kofia. Simu haikushika mtandao, na yeye, mtu wa ng'ombe tangu utoto, hakujua kupiga kafi. Alipomwona Blandina alimshukuru Mungu kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, akalivamia dumu. Likainuka kama unyoya.

"Mbona jepesi hivi?"

"Limevuja," alijibu Blandina.

Kisioki hakumlaumu. Alitia kisu kwenye makaa ili ayeyushe plastiki na kuliziba tundu, maana hapakuwa na dumu jingine, na likirudi linavuja, safari ya pili nayo itakuwa bure. Akaligeuza, akalielekeza kwenye jua, akapapasa kila pembe. Obed aliomba maji kwa sauti ya mtoto mchanga. Kisioki akainama tena, akalitafuta tundu lisilokuwepo, na jua likazidi kushuka.

Blandina aliona kwamba uongo wake sasa unamnyang'anya mgonjwa hata ule muda mdogo aliobakiwa nao.

"Kaka Kisioki, usitafute. Halikuvuja. Niliyamwaga mwenyewe, mzigo uwe mwepesi."

Kijana alikiweka kisu chini. "Basi dumu ni zima," alisema. "Hasira yangu nitakuwekea mpaka kesho. Sasa hivi nenda."

Upepo ulimpinga njia nzima. Babu alikuwa ufukweni, na Blandina alimweleza yote kabla hajaulizwa. Uso wa mzee ulikunjamana. Alimtuma Richard mbio kwenye zahanati kuchukua pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, akawatuma majirani watafute gari la kuzunguka ziwa, akalijaza dumu.

Katika ule mchanga Blandina alivusha kwanza mtumbwi, kisha akarudi kulitwaa dumu. Shingo ilimuuma, miguu ikamzama. Alianguka, akalikumbatia lisipasuke, akainuka. Alipokaribia kambi aliita, asisikie jibu. Aliita tena, kimya. Akalia huku akipiga kafi.

Kisioki hakuitikia kwa sababu alikuwa ameweka sikio kifuani pa Obed. "Bado anapumua," alisema.

Walichanganya dawa, wakamnywesha kijiko baada ya kijiko. Cha kwanza kilimwagika mdomoni. Baada ya vingi koo lilianza kumeza, na usiku wa manane Obed aliomba kingine. Alfajiri gari lilifika, likampeleka kituo cha afya. Baada ya siku kadhaa alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Siku hiyo Mzee Sylvesta alimwita Blandina na Richard, akawasimamisha mbele yake.

"Mzigo uliotumwa kwa mwenzako si wako kuupunguza," alisema. "Aliyekutuma anajua sababu ya kila tone, na anayeungoja hana pengine pa kukimbilia. Nawe Richard, cheko lako lilisaidia kukifungua kifuniko kile. Blandina, ungeshikilia uongo wako kitambo kidogo tu, leo tungekuwa makaburini. Kweli ulichelewa kuisema, lakini uliisema Obed angali hai. Nyinyi vijana mnapenda wepesi. Sasa nasema, na sitarudia: mkitumwa, fikisheni, mkikosa, semeni upesi. Haya, mmesikia?"

"Tumesikia, Babu."

"Basi yashikeni."