Nyumba Isiyouzwa Tupu

Jioni ile ya Novemba 2009 nilikuwa namsindikiza tu kaka yangu. Hakuna zaidi.

Cyriaque ni mkubwa wangu. Kwetu Uvira, Kongo, tunasema yaya. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa nati na nyaya, asiyetaka kusikia habari za uchawi. Mkewe, Adrienne, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Marehemu alikuwa na ndoto moja: kuhamia Ekuador.

"Nchi moja, kila kitu kimo," alizoea kutuambia. Bahari. Milima yenye theluji. Msitu kama wa kwetu. Visiwa vyenye kobe wakubwa kama meza. Watu wa kila rangi, na ndizi za kupika sokoni! Tena jua huko linatua saa ileile mwaka mzima, si kama hapa Stockholm, ambako wakati wa baridi mchana unakufa hata chai hujamaliza.

Basi yaya alipoona tangazo kwenye kituo cha treni cha Rissne, kwamba kuna watu wanaonyesha Ekuador kwa watalii na wanunuzi wa nyumba, akaniomba twende.

"Nikasikilize tu, Josiane. Kwa ajili yake."

Tulishuka Hagsätra, mwisho wa reli. Giza lilikuwa limeshaingia, ingawa maduka yalikuwa bado wazi. Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa. Viti vingi. Watu hakuna. Bwana mmoja mwembamba alisimama kando ya mashine ya kurusha picha ukutani.

"Karibuni. Mumechelewa kidogo."

Kiswahili cha Uvira kabisa. Na sisi hatukuwa tumefungua mdomo.

Akazima taa. Picha zikaanza kupita. Ufuo mweupe. Mlima unaofuka moshi. Wanawake wenye kofia nyeusi sokoni. Nikakiri moyoni kwamba Adrienne hakukosea, nchi ilikuwa nzuri.

Kisha ikaja nyumba. Kuta nyeupe, baraza pana, mparachichi uani. Barazani alikuwepo mwanamke, ametupa mgongo, ufagio mkononi.

Nikasikia harufu ya mvua kwenye udongo wa moto. Kule chini, katikati ya baridi ile...

Kitenge chake kilikuwa cha njano, chenye ndege weusi. Nilikifahamu. Nilikishona mwenyewe siku za matanga, kabla ya maziko, na ndicho tulichomvika ndani ya jeneza.

"Yaya," nilinong'ona. "Twende."

Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi.

Ssss... ssss...

Sauti ya ufagio. Ilikuwa picha tu, picha ya kawaida, lakini ufagio ulisikika.

"Anafagia kwa mkono wa kushoto," yaya alisema polepole. "Josiane, ni wa kushoto, kama Adrienne."

Yule bwana akamwinamia sikioni. "Nyumba hii hatuiuzi tupu."

Niliruka, nikachomoa waya wa mashine. Mashine ikazima.

Picha ikabaki ukutani.

Na mwanamke akaacha kufagia. Bega lake likaanza kugeuka...

Sikungoja uso. Nilimkamata yaya kwenye kola ya koti, nikamvuta kuelekea ngazi. Nyuma yetu yule bwana alisema bila hasira: "Madamu, wewe leo si mnunuzi."

Nje, yaya alilia kama mtoto. "Ungeniacha nimwone," alisema. "Dakika moja tu."

Kesho yake nilirudi na mume wangu, Firmin. Msimamizi wa jengo alitufungulia. Baiskeli zilijaa hadi mlangoni, na vumbi juu yake. Alisema kweli watu fulani waliomba kukodi chumba, ila hawakuja kuchukua ufunguo. Firmin anadhani Adrienne aliwahi kuwaandikia hao wauzaji na kuwatumia picha yake. Huenda. Lakini kitenge je?

Kabla ya Pasaka yaya aliondoka bila kuniaga. Polisi walisema mtu mzima amesafiri kwa hiari yake, wao wafanye nini?

Anapiga simu kila Jumapili. Anasema amenenepa, anakula parachichi, jua linatua saa ileile. Simuulizi anaishi na nani. Kuna mtu huwa anapumua karibu na simu, nami najitia sisikii.

Jumapili iliyopita alinong'ona, kama anayeficha habari njema.

"Josiane, nyumba ya jirani bado haijapata mtu. Jana nimechungulia dirishani. Mama yumo, anachambua maharage."

Mama yetu tulimwacha njiani mwaka wa 1996, tukikimbia vita. Hatukupata hata nafasi ya kumzika.

Nilipaswa kukata simu. Firmin anadhani nilikata.

Nilifunga mlango wa jikoni, nikauliza kwa sauti ya chini: "Ameniulizia?"